Kaa na Abiria Wake

Gombolola ya Mella iko Wilayani Tororo, jirani kabisa na mpaka wa Uganda na Kenya. Mwenye kusimama huko asubuhi isiyo na mawingu huuona Mlima Elgon upande wa kaskazini, na huelewa mara moja kwa nini nchi ile imejaliwa vijito. Maji ya mlima huteremka, hukusanyika katika Mto Malaba, kisha huelekea magharibi kuutafuta Mto Mpologoma na Ziwa Kyoga. Kusini yake, Mto Sio hupita karibu na Busia na kwenda zake Ziwa Viktoria. Mpaka umechorwa na wanadamu. Viumbe wa majini hawana habari nao.

Siku moja tulikuwa tumeketi ukingoni mwa kijito kimoja huko, wanajeshi watatu na polisi wawili, tukisubiri gari letu litolewe matopeni. Konstebo mmoja kijana, ili kupitisha wakati, aligeuza jiwe na kumtoa kaa. Alimpindua, akafunua mkia uliojikunja chini ya tumbo, akashtuka.

"Afande, kaa huyu ana funza!"

Koplo mmoja, mtu mzima aliyekulia kando ya mto, alicheka. "Hao si funza, mwanangu. Ni watoto wake. Mrudishe majini."

Ubishi ukaanza, na mwishowe tukaulizwa sisi, kwa kuwa afisa uhusiano hudhaniwa anajua kila jambo. Tulijibu kwamba koplo alikuwa na haki. Kaa wa mtoni hawaachi watoto wao waelee ovyo kama wafanyavyo kaa wa baharini. Mayai huanguliwa chini ya tumbo la mama, na watoto hutoka wakiwa kaa kamili, wadogo kama punje, wakabebwa humo kwa muda. Lakini tuliongeza kuwa konstebo naye hakukosa kabisa, kwani wako kaa duniani wabebao wasio wao. Gari lilipopatikana mazungumzo yalikatika. Makala haya ndiyo mwisho wa jibu letu.

DAKTARI WA JESHI NA VIUMBE WAGANDAJI

Tuanzie baharini. Askari aliyewahi kufika Mombasa, Tanga au Dar es Salaam ameona viumbe vidogo vyenye magamba magumu meupe, ambavyo hujibandika juu ya miamba, juu ya nguzo za gati na chini ya vyombo. Miguu ya mpita njia hukatwa navyo. Mabaharia wa majahazi huvikwangua chombo kinapopandishwa pwani, kisha hupaka deheni ili visirudi upesi. Katika makala haya tutaviita wagandaji.

Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya waliamini kuwa wagandaji ni ndugu wa konokono na chaza, kwa ajili ya magamba yao. Aliyewasahihisha alikuwa mtu wa fani yetu: John Vaughan Thompson, daktari wa jeshi la Uingereza, ambaye katika utumishi wake alipata kukaa Mauritius na Madagaska, katika Bahari ya Hindi hii hii, kabla ya kupangiwa Cork, nchini Ireland. Wakati wa mapumziko yake alikokota wavu mwembamba baharini na kuwatazama wadudu wa maji kwa hadubini. Mnamo mwaka 1830 alitangaza kuwa mgandaji, akiwa mchanga, huogelea kwa miguu kama mtoto wa kamba. Kumbe basi ni ndugu wa kamba na kaa, ila amejijengea nyumba na kukaa kitako.

Mwaka 1836 Thompson huyo huyo alieleza jambo la ajabu zaidi. Alitazama kifuko laini cha rangi ya manjano kilichoota chini ya tumbo la kaa. Kifuko hicho hakikuwa na mdomo, wala miguu, wala macho. Mtu yeyote angesema ni uvimbe. Lakini watoto waliotoka ndani yake walikuwa na sura ile ile ya watoto wa wagandaji. Alikipa jina la Sacculina, maana yake kifuko kidogo. Kwa hiyo ukoo wa kiumbe kile ulijulikana kwa utoto wake, si kwa utu uzima wake. Funzo hilo tuliweke akilini, maana tutalihitaji tukirudi mtoni.

AINGIAYE KWA TUNDU LA SINDANO

Safari ya Sacculina toka utotoni ni kama ifuatavyo. Anapotoka katika yai ana umbo la pembe tatu, jicho moja na jozi tatu za miguu. Hali chochote, anaishi kwa akiba aliyopewa na mama yake, kama askari aliye na mgao wa siku chache begani. Hujivua ngozi mara kadhaa, na baada ya siku chache hugeuka kuwa kiluwiluwi wa namna ya pili, mwenye magamba mawili yaliyomfunika kama ganda la kunde. Ukubwa wake ni robo ya milimita hivi. Kazi ya huyu wa pili ni moja tu: kutafuta kaa.

Kiluwiluwi wa kike akimpata, hujishikiza juu ya unywele au mahali palipo laini. Hapo hutupa miguu na magamba, na ndani ya ngozi iliyosalia huunda sindano tupu iliyo wazi katikati. Sindano hiyo humtoboa kaa. Mfaransa Yves Delage ndiye aliyeieleza habari hii mwaka 1884, na wengi hawakumsadiki. Baadaye, mwaka 1995, wataalamu wa Denmark, Henrik Glenner na Jens Høeg, walionyesha katika jamii moja ya karibu kuwa kinachopita katika sindano ni kitu kidogo mfano wa mnyoo, chenye seli chache, ambacho huingia katika damu ya kaa. Yule mwogeleaji mwenye misuli na magamba amebaki nje, ganda tupu. Aliyeingia hana hata silaha.

Huko ndani hukua polepole. Huotesha nyuzi mfano wa mizizi, zikaenea mwilini mwote mwa kaa na kunyonya chakula chake. Kwa nje kaa ni yule yule. Anatembea, anakula, anapigana. Ila hajivui tena gamba, wala hakui, wala hazai. Kaa dume hupanuka tumbo na kuwa na sura ya jike. Miezi ikipita, kifuko hujitokeza chini ya tumbo, mahali pale pale ambapo kaa jike hubeba mayai yake. Kiluwiluwi wa kiume huja kukirutubisha, na tangu hapo kaa hukisafisha na kukilinda kana kwamba ni mayai yake mwenyewe. Saa ya kuangua inapofika, hupunga maji kwa tumbo lake ili watoto wa adui watawanyike vizuri.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Huyu hakuishia nguoni, bali ameingia hata katika nia ya mwenye nguo.

ABIRIA WA MTONI

Sasa turudi Elgon. Jamii za Sacculina, isipokuwa chache sana, ni za maji ya chumvi, na kaa wa vijito vyetu hasumbuliwi nazo. Lakini kaa huyu naye ana abiria wake, na huyo anatuhusu sisi wanadamu kuliko yule wa bahari.

Yupo inzi mdogo mweusi mwenye kibyongo, ambaye kwa Kiswahili huitwa usubi. Usubi hazaliwi katika maji yaliyotuama kama mbu. Anataka maji yaendayo kasi, yenye hewa nyingi. Jike, ili apate kukomaza mayai yake, sharti anywe damu. Na kwa kuwa hana sindano nzuri kama ya mbu, huchana ngozi na kunywa damu inayojikusanya hapo. Zipo jamii nyingi za usubi. Moja, iliyopewa jina la Simulium neavei mwaka 1915, hukaa katika misitu na mabonde yenye vivuli ya Afrika Mashariki, na ilijulikana kuwa ndiyo ienezayo ugonjwa wa usubi, uitwao pia upofu wa mtoni.

Kwa miaka mingi kulikuwa na fumbo. Inzi mwenyewe alionekana, akauma watu mchana kweupe. Viluwiluwi wa usubi wa jamii nyingine walionekana wazi, wamejishikiza kwenye mawe na majani ya mtoni. Lakini viluwiluwi wa huyu wa msituni hawakuonekana popote. Mawe yaligeuzwa, majani yakachambuliwa, hakuna kitu.

Jibu lilipatikana Kenya. Mwaka 1950 wataalamu van Someren na McMahon walitangaza kuwa wamewapata viluwiluwi hao juu ya miili ya kaa wa mtoni. Walikuwa wamejibandika kwenye gamba na penye maungio ya miguu, wakisafiri naye kila aendako. Watafutaji walikuwa wamegeuza mawe miaka yote hiyo, na kaa alipokimbia walimwacha akimbie, kumbe ndiye aliyewabeba waliotafutwa.

Kiluwiluwi wa usubi ana mwili mwembamba uliovimba upande wa nyuma. Huko nyuma ana duara la kulabu ndogo. Naye hutema uzi wa hariri, akaugandisha juu ya gamba la kaa, kisha akazinasa kulabu zake humo. Kichwani ana vipepeo viwili vya nywele ambavyo huvikunjua ndani ya mkondo ili kunasa chembe za chakula zipitazo. Hamnyonyi kaa, wala hamtoboi. Kwa hiyo si kupe. Ni abiria asiyelipa nauli. Faida aipatayo ni kiti madhubuti katika maji makali, na mchukuzi anayejua kukimbilia palipo salama. Akisha kukua hujifuma kifuko papo hapo, akalala humo akigeuka, na mwisho hutoka ndani ya kiputo cha hewa, akaibuka juu ya maji na kuruka. Hatari yake kubwa ni kaa kujivua gamba, kwani aliyebandikwa huenda na gamba kuukuu.

Hapa ndipo tofauti ya abiria hawa wawili ilipo. Wa baharini humzuia kaa kujivua gamba. Wa mtoni hana uwezo huo, na hulazimika kumaliza utoto wake kabla mwenyeji wake hajabadili nguo.

KILUWILUWI WA TATU

Usubi anapomuuma mtu mgonjwa, hunywa pamoja na damu vijinyoo vidogo visivyoonekana kwa macho. Vijinyoo hivyo hupenya tumbo la inzi na kuingia katika misuli ya mbawa zake, vikajivua ngozi mara mbili, na baada ya wiki moja hivi au zaidi vikasogea kichwani, tayari kwa mtu mwingine. Ndani ya mwili wa mtu hukua yapata mwaka au zaidi. Mnyoo jike aliyekomaa hufikia urefu wa sentimita 30 hadi 50, akajikunja ndani ya kinundu chini ya ngozi, na aweza kuishi miaka 10 hadi 15. Kila siku hutoa vijinyoo wapya mamia kwa mamia, nao hutambaa chini ya ngozi na kufika machoni. Vinapokufa humo ndipo madhara yanapozidi: kuwashwa kusikokoma, ngozi kunyauka kama ya kizee, mabaka meupe miguuni, na macho kufifia hadi kupofuka. Katika sehemu nyingi za nchi yetu ni kuwashwa kwa ngozi kulikowatesa watu wengi kuliko upofu. Lakini mtu asiyelala usiku kwa kujikuna, ambaye wenzake humkwepa kwa sababu ya ngozi yake, hana haja ya kungoja upofu ndipo ahesabiwe mgonjwa.

VITA VYA MITONI

Mapigano na adui huyu yalianza zamani. Mwaka 1946, huko Riana, Nyanza, Garnham na McMahon walitia dawa ya DDT katika mito na vijito vya eneo zima. Walitia kila mahali kwa sababu hawakujua viluwiluwi walikuwa wapi; ilikuwa kama kupiga mizinga msitu mzima kwa kuwa hujui adui amelala chini ya mti gani. Inzi wakatoweka. Ila ushindi wa namna hiyo haupimiki kwa urahisi, maana kutoonekana kwa inzi siku moja si hoja kwamba hayupo. Baada ya ugunduzi wa mwaka 1950, kaa mwenyewe akawa shahidi. Kaa wa mto fulani walikamatwa, wakakaguliwa mmoja mmoja. Wakiwa safi mwezi baada ya mwezi, mto umekombolewa. Wakiwa na abiria, kazi bado. Mwaka 1958 McMahon na wenzake walichapisha taarifa ya kutokomezwa kwa usubi huyo nchini Kenya.

Upande wa Uganda vita vilikuwa virefu zaidi. Katika miteremko ya Elgon, sehemu za Mbale, Sironko, Manafwa na Bududa, ugonjwa uliendelea hadi karne hii. Silaha mpya ilikuwa dawa ya ivermectin, ambayo asili yake ni kijidudu cha udongo wa Japani. Wataalamu Satoshi Ōmura na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ajili yake, na tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck imeitoa bure kwa ugonjwa huu. Dawa hii huua vijinyoo vya ngozini na kumzuia mnyoo mkubwa asizae kwa miezi kadhaa. Yeye mwenyewe haifi upesi kwa dawa hiyo. Ndiyo sababu lazima imezwe tena na tena, mpaka wazee wa minyoo wafe kwa umri.

Mwaka 2007 Uganda iliazimia kuutokomeza ugonjwa, si kuupunguza tu. Elgon ikapewa dawa mara mbili kwa mwaka, na vijito vyake vikatiwa, kwa kipimo maalumu, dawa ya kuua viluwiluwi. Kaa wakanaswa na kukaguliwa kama zamani. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza katika jarida la tiba kuwa maambukizi ya Elgon yamekatika. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Niger kuwa nchi ya kwanza Afrika kuumaliza ugonjwa huu. Basi jambo hili lawezekana. Lakini maeneo ya mipakani yamekuwa magumu kuliko mengine, kwa kuwa watu na inzi huvuka huku na huku, na dawa huishia pale mipango ya nchi inapoishia.

VIDONGE MFUKONI

Hapo ndipo askari anapoingia katika habari hii, nasi hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe. Tulipotoka shule ya kadeti, tukiwa na nyota moja begani na kiburi cha nyota tatu, tulipangiwa kikosi kilichokuwa katika eneo lenye usubi. Wagawa dawa walikuja na kijiti chao cha kupimia urefu, kwa maana idadi ya vidonge hufuata kimo cha mtu. Tulipanga foleni, tukapokea vyetu, tukavitia mfukoni. Kambini palivuma uvumi kwamba vinapunguza nguvu za kiume. Hatukuusadiki sana, wala hatukuthubutu kuupuuza.

Sajini mmoja, mzaliwa wa mlimani, alituona. Hakusema kitu mbele ya askari. Jioni alikuja, akasimama kwa heshima, akakunja suruali yake hadi magotini. Miundi yake ilikuwa na mabaka meupe kama ngozi ya chui.

"Afande," alisema, "mimi nina watoto wanane. Uvumi huo haukunipata. Hiki ndicho kilichonipata. Mama yangu alikuwa akijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka damu itoke, na sisi tukidhani amelogwa. Vidonge havikuwapo wakati huo. Wewe unavyo mfukoni."

Tulivimeza mbele yake. Asubuhi ya pili tuliwaita askari wetu, tukawaambia tulivyofanya, na tukasimama pale mpaka wa mwisho alipomeza. Ilikuwa aibu, lakini aibu ya namna ile hufaa mara moja katika maisha ya afisa.

Tangu siku ile tumeelewa kuwa askari mwenye minyoo mwilini si mgonjwa wa nafsi yake tu. Yeye huhamishwa. Leo yuko Mella, mwakani yuko Nile Magharibi, mwaka wa tatu yuko mpakani mwa Kongo. Mahali palipotakaswa kwa miaka mingi, ambapo inzi bado wapo ila hawana sumu, anaweza kuwarudishia sumu hiyo bila kujua. Kaa naye hubeba abiria bila kujua. Lakini kaa hana akili, wala hakula kiapo.

Kwa hiyo, ndugu askari na ndugu polisi, tunatoa mambo machache ya kushika. Usubi huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Penye mito iendayo kasi vaa mikono mirefu na chomeka suruali katika viatu. Ukiona vinundu visivyouma kiunoni au mbavuni, au ukiwashwa wiki nyingi bila upele unaoeleweka, nenda kwa mganga wa kikosi usingoje. Dawa ikiletwa, meza mbele ya aliyekupa. Na uliyetumika katika misitu ya Kongo, mweleze mganga ulikokuwa kabla ya kumeza, kwa sababu huko yupo mnyoo mwingine, aitwaye loa, ambaye akiwa mwingi mwilini dawa hii yaweza kuleta madhara makubwa. Mwisho, usiwacheke watu waingiao mtoni kuwakamata kaa na kuwatazama tumboni. Wako kazini.

Konstebo wa Mella alimrudisha kaa wake chini ya jiwe, kwa upole, watoto wote wakiwa salama. Alisafisha mikono, akapanda gari. Njia nzima hadi Tororo alikuwa akiuliza maswali, na koplo akimjibu yale aliyoyajua. Yaliyobaki ndiyo haya tuliyoandika.